Plagi Nne na Mkaguzi Mkuu

Ndugu msomaji, kama una gari kuukuu, mke anayekuzidi akili na mama mkwe anayeishi nyumba ya pili kutoka kwako, sogea tuliwazane. Asiye na vitu hivyo vitatu aendelee na shughuli zake, haya hatayaelewa.

Gari lenyewe ni Corolla 110. Kwa mujibu wa kadi ni jeupe, kwa mujibu wa macho lina rangi ya barabara ya Urambo wakati wa kiangazi. Siku lilipoingia uani baba yangu alilizunguka, akalipiga tairi teke la adabu, akalipa jina la Mpagazi, na jina hilo limeshika kuliko namba za usajili. Baba ni Mnyamwezi wa kale, bado anaipima dunia kwa frasila. Mjukuu akizaliwa anauliza ana frasila ngapi. Tunamwita Mzee Frasila, tena mbele yake, naye anacheka. Hachoki kutukumbusha kwamba wazee wake walibeba frasila mbili begani, kilo thelathini na ushee, kutoka huku mpaka Bagamoyo, mwendo wa miezi mitatu, na njiani hapakuwa na mtu wa kuwabadilishia kipuri chochote.

Basi Mpagazi wetu akaanza kukohoa. Asubuhi ukimwasha anatetemeka mpaka kioo cha pembeni kinaonyesha kuku wawili mahali penye kuku mmoja. Ukikanyaga mafuta anasita, anatafakari, ndipo anaondoka kwa kushtuka. Nyuma anaacha harufu ya petroli mbichi. Mafundi wana neno moja kwa maradhi yote hayo: gari linamisi.

Kwetu gari likiumwa kila mtu ni daktari. Mke wangu, ambaye humu ndani tunamwita Spika kwa kuwa yeye ndiye anayefungua mjadala na yeye ndiye anayeufunga, alisema ni petroli ya kwenye chupa niliyonunua kwa yule kijana wa njia panda. Mzee Frasila alisema gari limechoka kubeba wakwe. Shemeji yangu, mdogo wake Spika, anaendesha bodaboda na kwa sababu hiyo anaitwa Injinia, yeye aliinamisha kichwa, akasikiliza, akatamka: "Plagi hizo, shemeji." Inaniuma kukiri mbele yako kwamba huyu kijana alikuwa sahihi, maana hajaacha kulisema mpaka leo.

Sasa, fundi wetu wa siku zote alikuwa amesafiri, na Jumamosi ilikuwa na send-off ya mdogo mwingine wa Spika, wa kike, huko Urambo. Mpagazi alitakiwa kubeba Spika, mama yake, baba yangu, watoto wawili, sufuria mbili za kuazima na karanga za zawadi. Nikapendekeza tupande basi. Spika aliniangalia kwa utulivu ule ambao wewe mwenzangu unaujua.

"Si unafundisha fizikia?"

"Nafundisha."

"Basi."

Mjadala ukafungwa.

Ni kweli nafundisha fizikia, na habari ya plagi naijua vizuri sana ubaoni. Betri inatoa volti 12. Koili inazikuza mpaka zinavuka 20,000, na hapo umeme unapata ubavu wa kuruka pengo dogo kwenye ncha ya plagi, pengo la milimita 0.8 hivi kwa injini nyingi za zamani na 1.1 kwa nyingine. Unaporuka ndiyo cheche, na cheche ndiyo inayowasha hewa na petroli ndani ya silinda. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila plagi inapiga cheche 1,500 katika dakika hiyo. Plagi za kawaida hufanya kazi hiyo kilomita 20,000 au 30,000 hivi kisha ncha zinalika, pengo linapanuka, cheche inashindwa kuruka kila inapoamriwa. Huko ndiko kumisi. Yote haya naweza kuyaeleza nikiwa nimefumba macho. Kufungua plagi halisi kwa mikono hii, hapana, sikuwahi. Shuleni kwetu tuna mchoro.

Plagi mpya nilimwagiza mwalimu mwenzangu aliyekuwa anakwenda Tabora mjini. Nilimwandikia namba kwenye karatasi, nikamsisitizia asiletewe feki, achungulie maandishi kwenye kauri kama hayafutiki kwa kidole, na adai risiti. Hilo la risiti si langu. Ni la mama mkwe.

Mama mkwe tunamwita Mkaguzi Mkuu, na kabla hujacheka ngoja nikueleze. Alifika hapa Ulyankulu mwaka 1972 akiwa binti mdogo, mgongoni kwake mdogo wake, nyuma yao mauaji ya Burundi. Walikuta pori. Makazi yakapimwa, njia zikapewa namba, familia zikapangwa kando ya njia, na mpaka leo ukimuuliza fulani anakaa wapi hakutajii mti wala duka, anakutajia barabara ya ngapi. Wewe huenda uliisikia Ulyankulu kwa mara ya kwanza kwenye nyimbo za kwaya ya Barabara ya 13. Yeye aliijua ikiwa visiki. Serikali ilipokubali mwaka 2010 kuwapa uraia watu zaidi ya 162,000 wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, alishukuru Mungu, akakaa akisubiri cheti. Vyeti vilianza kutolewa mwaka 2014. Chake kimo ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya bahasha, ndani ya mfuko mwingine, chini kabisa ya sanduku la bati. Mtu aliyesubiri karatasi moja miaka 42 haamini risiti ya duka la vipuri kwa kuitazama mara moja. Aliitazama ya kwetu, akaigeuza, akaitazama nyuma ambako hakuna kitu, akakuta mhuri umekaa upande.

Na kuna jambo la adabu. Kwetu Unyamwezini mkwe na mama mkwe hupishana njia. Hatushikani mikono, hatukai mkeka mmoja. Kwao nako heshima ni hiyohiyo. Kwa hiyo Mkaguzi Mkuu huwa hasemi nami moja kwa moja. Anakaa kwenye kigoda chini ya mwembe, hatua tatu kutoka nilipo, na kumtuma mjukuu. Mjukuu mwenyewe ni kitinda mimba wetu, ana miaka mitano, jina lake la nyumbani ni Redio, na kama redio nyingi hutangaza kwanza na kuhakikisha baadaye.

"Mwambie baba yako injini ya moto haifunguliwi."

"Baba, Bibi anasema uko moto hufunguliwi."

Lakini alichosema Bibi kilikuwa kweli. Spika alikuwa ametoka mashineni kusaga unga, injini ilikuwa inaunguza. Kichwa cha injini ni cha aluminiamu, laini, na ukifungua plagi ingali ya moto waweza kuondoka na nyuzi za tundu lake. Alijuaje yule mama? Niliuliza kupitia Redio. Jibu lilikuja kwamba marehemu baba mkwe aliwahi kuwa na pikipiki. Nikakaa kusubiri ipoe.

Kusubiri ndiko kulikoniponza, maana mtu aliyekaa karibu na boneti iliyo wazi huvuta watu. Wa kwanza kufika ni jirani yetu, mtumishi wa afya, Mzaramo wa Kisarawe aliyehamishiwa huku. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara, wakati wazee wetu waliposhuka pwani na pembe na kukaa miezi huko wakila chakula cha watu. Mtani ana ruhusa ya mambo ambayo ndugu hana. Huyu wetu alifika getini, akaona boneti, akaweka mkono kichwani na kuanza kulia kwa sauti.

"Jamani, ameondoka lini? Mbona hatukuambiwa!"

Akajilaza nyuma ya gari, kwenye vumbi, na shati lake la kazini, akasema maiti haitoki mpaka alipwe. Kuku wakakimbia. Watoto wa jirani wakaja kuzika. Mzee Frasila, badala ya kunisaidia, alitoka ndani na kuanza kupatana naye bei kwa makini kabisa, na wakakubaliana kwa kikombe cha asali mbichi ya mzinga wa baba, asali ambayo mimi mwanawe huonjeshwa Krismasi. Nikasema huu ni unyang'anyi. Baba akasema hapana, hii ni hongo.

Hapo ndugu msomaji ikabidi tusikilize historia, kwa sababu baba akilitaja neno hongo lazima afike kwa Mtemi Mirambo. Mirambo alirithi Uyowa, akaunganisha Ulyankulu, akajenga dola iliyoshika njia ya Ujiji, na boma lake lilikuwa Iselamagazi. Msafara uliotaka kupita ulilipa ushuru wa njia, ndiyo hongo. Mwaka 1871 aligombana na Waarabu wa Unyanyembe, njia ikafungwa. Waarabu wakamwendea kwa vita, na Stanley, ambaye ndiyo kwanza amefika Tabora akimtafuta Livingstone, akajiunga nao kwa kiherehere chake. Wakapigwa. Stanley akalazimika kuzunguka mbali kusini ili afike Ujiji.

"Mzungu mwenye bunduki alizunguka," baba alihitimisha. "Wewe mwenye spana ya plagi unataka kupita bure?"

Nikajaribu kurudisha heshima ya fizikia. Nikamweleza kuwa mwaka 1860 huko Paris Étienne Lenoir alikuwa tayari anawasha injini ya gesi kwa cheche ya umeme, na kwamba mwaka 1902 Gottlob Honold, katika karakana ya Robert Bosch kule Stuttgart, aliunganisha plagi na magneto yenye nguvu ya kutosha injini ya gari. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza huyo Lenoir alilipa hongo kwa nani.

Injini ikapoa. Kazi ikaanza, na nataka ijulikane kwamba niliianza vizuri. Injini hii ni ya valvu 16. Plagi zake zimezama katikati, kila moja ndani ya kisima chake kirefu, na juu ya kila kisima kuna waya mnene unaotoka kwenye distribyuta, kile kigawa umeme. Upande wa distribyuta sikugusa kitu. Upande wa plagi nilifunga uzi wa rangi kwenye kila waya kabla ya kuuchomoa: nyekundu wa kwanza, kijani wa pili, njano wa tatu, mweusi wa nne. Nyuzi zilitoka kwenye kopo la ushonaji la Spika, kwa ruhusa yake, iliyotolewa kwa maandishi ya moyoni.

Visimani mlikuwa na vumbi la kutosha kupanda mchicha. Vumbi hilo likidondokea ndani ya silinda linakwangua, kwa hiyo hulipeperusha kwanza, ndipo ulegeze plagi. Mwenye gereji ana kompresa. Sisi tulikuwa na pampu ya baiskeli. Injinia akapampu, mimi nikaelekeza mpira, vumbi lote likatoka na kuhamia kwenye nywele za Redio.

Plagi za kale zilitoka moja baada ya nyingine, na kila moja ilipelekwa kigodani kukaguliwa. Plagi husema. Ikiwa na rangi ya kahawia au kijivu, silinda yake ni nzima. Ikiwa na masizi makavu, inapewa mafuta mengi au cheche ni dhaifu. Ikiwa nyeupe sana, inaungua kupita kiasi. Ikiwa na oili, tafuta inakovujia. Zetu tatu zilikuwa za kahawia, zimelika ncha. Ya nne ilikuwa nyeusi, imelowa petroli, na kauri yake ina ufa mwembamba kama unywele. Mkaguzi Mkuu aliipitisha kidole.

"Mwambie baba yako, mkosaji ni huyu. Hawa wengine wamezeeka tu."

Redio alitangaza kuwa Baba amezeeka tu.

Kikwazo kikaja wakati wa kuingiza mpya. Soketi ya plagi, ile ndefu ya 16, huwa na mpira ndani unaoishika plagi isidondoke. Yangu niliuziwa bila mpira. Plagi inakaa mdomoni mwa kisima, haishuki sawa, na kuidondosha ni kuliziba pengo kwa kishindo. Injinia akasema tuisukume kwa kijiti. Nikakataa. Akasema kwenye pikipiki yake plagi iko nje, unaishika kwa vidole, ni moja tu, na yeyote aliyeweka nne alikuwa na nafasi nyingi maishani.

Spika alikuwa amesimama mlangoni na mwiko. Alisikiliza, akaingia ndani, zikasikika sauti za vyombo vikihamishwa, akatoka na kipande cha mpira wa zamani wa jiko la gesi. Ule mpira tulioubadilisha mwaka juzi, ambao niliutupa jalalani kwa mkono wangu. Mke wangu hatupi kitu. Uvunguni mwa kitanda chetu mna vipini ambavyo sufuria zake zilikwishakufa, vifuniko vya chupa zisizojulikana, na nusu ya pasi.

"Ndiyo maana huwa situpi," alisema.

Miaka ya hoja zangu kuhusu uvungu ule iliishia hapo. Ukichomeka kichwa cha plagi kwenye mpira kama ule, inashuka sawa, na unaizungusha kwa vidole. Nyuzi zikikaa vibaya mpira unateleza wenyewe, huwezi kuharibu tundu. Ikishakaa ndipo unatia soketi na kukaza nusu mzunguko, basi. Injinia alitaka kukaza mpaka ilie. Kwake kila kitu hukazwa mpaka kilie, ndiyo maana pikipiki yake ina bolti tatu mahali pa nne.

Plagi zote nne zikakaa. Nikanyoosha mgongo, nikageuka kuchukua waya nizirudishe mahali pake, na nyuzi hazikuwepo.

Sikuona kitu kwa muda. Kisha nikamwona binti yetu wa kwanza, ana miaka minane, tunamwita Msusi kwa sababu husuka chochote chenye urefu: nyasi, kamba, mkia wa mbuzi wa jirani. Alikuwa ameketi na mwanasesere wake wa maganda ya mahindi. Mwanasesere alikuwa na misuko minne: nyekundu, kijani, njano na nyeusi. Amependeza, siwezi kusema uongo.

"Umezitoa wapi?"

"Zilikuwa zimefungwa kwenye gari, Baba. Nikajua hazina kazi."

Nikamtazama Spika. Spika akatazama angani. Nikamuuliza Injinia, aliyekuwa amesimama palepale wakati wote, kama aliona. Aliona, alimsaidia kufungua fundo la njano lililokuwa gumu.

Wewe mwenye gari la distribyuta unajua uzito wa jambo hili. Silinda haziwaki kwa kufuatana 1, 2, 3, 4. Zinawaka 1, 3, 4, 2, na kila waya una zamu yake. Ukizipishanisha, cheche inapigwa kwenye silinda ambayo haijakaa tayari. Nikawaambia wote wasiguse chochote mpaka nichore mchoro. Nikaingia ndani kutafuta kalamu. Nyumba ya mwalimu, watoto wawili shuleni, kalamu hakuna inayoandika.

Nilikuwa bado navuta droo nikasikia stata.

Injinia alikuwa amezichomeka kwa kukisia, amekaa kwenye usukani, mguu juu ya mafuta. Mpagazi alitikisika, akalia kwa miguu miwili, akavuta pumzi ya mafuta yasiyowaka, kisha ekzosi ikapasuka puu! Mzaramo, ambaye alikuwa hajamaliza asali yake, alipiga magoti. Ikapasuka tena. Na nyuma ya ekzosi, kwenye mkeka mpana, kwenye jua zuri la Julai, ilikuwa imeanikwa michembe ya Spika.

Kama hukukulia Tabora, michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Vikishakauka vinakaa msimu mzima. Asubuhi unachemsha, unatia karanga zilizotwangwa, mtu anakwenda kazini ameshiba. Ile ilikuwa ya kupeleka Urambo, kwa upande wa bwana harusi, imemenywa na kukatwa kwa vidole vya mke wangu kwa siku kadhaa. Sasa nusu ya mkeka ilikuwa na masizi.

Uani palinyamaza. Injinia alizima gari, akashuka taratibu upande wa mbali. Spika hakusema kitu. Alikwenda kwenye mkeka, akaokota chembe moja, akainusa, akairudisha. Kisha akanitazama mimi. Naomba uniambie ndugu yangu, mimi niliyekuwa ndani natafuta kalamu, natazamwa kwa lipi?

Ndipo Mkaguzi Mkuu akainuka kwenye kigoda. Hili halikuwahi kutokea. Alikuja mpaka kwenye boneti. Mimi nikarudi nyuma kwa adabu hadi karibu na choo. Alizitazama waya zile nne kwa muda, akaziinua, akazilinganisha kwenye viganja. Akaita Redio, halafu akabadili mawazo, akasema mwenyewe, akielekeza maneno kwenye mwembe:

"Hizi hazilingani urefu. Aliyezikata hakuwa mlevi."

Nikaduwaa. Distribyuta ya injini ile imekaa ubavuni, upande wa silinda ya nne. Waya wa silinda ya kwanza una safari ndefu, wa pili unafupika, wa tatu zaidi, wa nne ni mfupi kuliko wote. Kila waya umekatwa kwa kipimo cha kisima chake, na kwa kuwa upande wa distribyuta haukuguswa, urefu peke yake ulitosha kusema kila mmoja arudi wapi. Nyuzi zangu za rangi nne hazikuhitajika tangu mwanzo. Mama yule aliupeleka mrefu mbali, mfupi karibu, wa kati wakajipanga wenyewe, kila mmoja ukaingia mahali pake bila kuvutwa wala kukunjika, akausukuma kila mmoja mpaka ukasema tak. Akapangusa mikono kwenye kanga, akarudi kigodani.

"Mwambie baba yako awashe."

Mpagazi aliwaka kwa mguso wa kwanza. Kioo cha pembeni kikaonyesha kuku mmoja. Mtani akatangaza kwamba marehemu amefufuka na kwamba ufufuo una bei yake tofauti, na Mzee Frasila akaanza mazungumzo mapya hapohapo. Michembe iliyoingia masizi tukaichambua usiku kucha, mimi na Injinia, kwa taa ya chemli, kila mmoja akimwona mwenzake ndiye chanzo. Iliyopona ilijaza gunia dogo. Spika aliongeza uyoga mkavu juu ili pasionekane pengo.

Jumamosi tulifika Urambo bila kukohoa, nikiwa nimebanwa na sufuria upande mmoja na frasila za baba upande wa pili; usukani alishika Spika. Ukumbini mshereheshaji alitangaza kwamba familia ya bibi harusi mtarajiwa imesafiri kwa gari lililotengenezwa na mama mzazi kwa mikono yake, na watu wakapiga vigelegele. Nilimtazama Redio. Alikuwa amesimama karibu sana na kipaza sauti.

Tangu siku ile watu wamekuwa wakisimamisha magari mbele ya nyumba ya Mkaguzi Mkuu, wengine wa bodaboda, juzi mmoja na mashine ya kupukuchua mahindi. Injinia amejipa cheo cha msaidizi. Kwa hiyo ukipita Ulyankulu na gari lako linamisi, usinitafute mimi. Nitakuchorea ubaoni tu. Uliza kwa mama wa kigoda, chini ya mwembe. Sema shida yako kwa mtoto, atafikisha kadiri alivyoelewa. Na ukija, njoo na risiti.